KICHAA CHA MBWA: KIDONDA KIKIPONA, HATARI BADO IPO



Katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba mbwa ni mlinzi. Usiku hulinda nyumba, ng'ombe na mbuzi. Mchana hufukuza ngedere wasiingie kibanjani kula ndizi na mahindi. Mbwa wengine hufuatana na wachungaji kwenye rweya. Paka naye ana kazi yake. Anakamata panya wanaoharibu maharage na mahindi tuliyoweka akiba. Wanyama hawa tunaishi nao mlango mmoja, na watoto wetu hucheza nao kila siku.

Lakini wanyama hawa wanaweza kutuletea ugonjwa mmoja mbaya sana. Jina lake ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha kwa mtu, hautibiki. Zahanati haiwezi kuutibu. Hospitali ya mkoa haiwezi. Hata nchi tajiri za Ulaya na Marekani haziwezi. Duniani kote watu waliopona baada ya dalili kuanza ni wachache mno, wa kuhesabika.

Sasa tusikate tamaa, maana kuna habari njema. Ugonjwa huu usiotibika unazuilika. Mtu akiumwa na mbwa leo, ugonjwa hauanzi leo. Kuna siku katikati, na mara nyingi ni wiki nyingi. Katika siku hizo mtu anaweza kuokolewa. Wengi wanaokufa walikuwa na siku hizo, wakaziacha zipite kwa sababu kidonda kilikuwa kimepona.

Tumezoea kusema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa kichaa cha mbwa, kinga ndiyo dawa peke yake. Tiba haipo.

UGONJWA HUU UNALETWA NA NINI?

Kichaa cha mbwa kinaletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo sana, huwezi kuviona kwa macho. Virusi hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimuuma mtu, mate yake huingia katika kidonda, na virusi huingia pamoja na mate.

Kuumwa ndiyo njia kubwa, lakini kuna njia nyingine. Mnyama mgonjwa akikuparuza kwa kucha zenye mate, unaweza kuambukizwa. Akikulamba mahali penye mchubuko au kidonda, unaweza kuambukizwa. Mate yake yakiingia machoni, mdomoni au puani, ni hatari vilevile. Akikulamba mahali ambapo ngozi ni nzima kabisa, virusi haviwezi kupita. Nawa kwa sabuni tu.

Kuna watu wanasema kichaa huletwa na jua kali. Wengine wanasema ni njaa, au mbwa amelishwa pilipili ili awe mkali. Wengine husema kuna mtu amemloga. Hayo yote siyo. Mbwa hupata kichaa kwa kuumwa na mnyama mwingine mwenye kichaa, basi.

Tena ugonjwa huu si wa mbwa peke yake, ingawa jina lake ni hilo. Paka huupata. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na nguruwe huupata. Wanyama wa porini kama mbweha, fisi na nguchiro huupata. Lakini kwa binadamu, karibu vifo vyote vinatokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu duniani, na kati ya kila 100 hao, 99 waliambukizwa na mbwa. Wengi wao wako Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, wataalamu walikadiria mwaka 2002 kwamba kila mwaka hufa watu kama 1,500.

Kwa nini watoto? Kwanza, wao hucheza na mbwa na paka kuliko sisi. Pili, ni wafupi, kwa hiyo huumwa usoni na kichwani. Tatu, mtoto akiumwa anaweza kuficha, akiogopa kugombezwa. Basi, baba na mama, waambieni watoto wenu maneno haya: "Ukiumwa au ukiparuzwa na mbwa au paka, njoo uniambie upesi. Sitakuchapa."

SAFARI YA VIRUSI MWILINI

Hebu tutazame virusi vinafanya nini baada ya kuingia mwilini. Ukielewa jambo hili, mengine yote utayaelewa.

Virusi hivi haviendi na damu kama vijidudu vya malaria. Huingia katika mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya zinazopeleka habari kutoka mwilini mpaka kwenye ubongo. Virusi husafiri polepole ndani ya nyaya hizo kuelekea kwenye ubongo. Wakati vinasafiri, mtu hasikii kitu. Anakula, analima, anakwenda sokoni Kamachumu au Nshamba kama kawaida. Kidonda kinakauka na kufunga. Mtu anasema, "Nimepona."

Kumbe kilichopona ni ngozi tu. Virusi bado viko njiani.

Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa fupi kama wiki moja, au ndefu kufikia mwaka na zaidi. Inategemea mahali ulipoumwa. Aliyeumwa mguuni, virusi vina njia ndefu ya kufika kichwani. Aliyeumwa usoni, shingoni au kichwani, njia ni fupi. Ndiyo maana mtoto aliyeumwa shavuni asingoje hata saa moja.

Virusi vikifika kwenye ubongo, ugonjwa huanza. Mtu husikia homa na kichwa kuuma. Pale alipoumwa zamani panawasha au panachoma tena, hata kama kidonda kilifunga siku nyingi. Halafu anakosa usingizi, anahangaika, anachanganyikiwa. Akijaribu kunywa maji koo linabana kwa maumivu, mpaka anaogopa hata kuyaona. Upepo ukimpiga usoni anashtuka. Wengine hawahangaiki, bali hupooza polepole. Baada ya siku chache mtu hufa.

Wakati huo ndugu wengine hudhani mgonjwa ana mashetani au amelogwa. Humzungusha huku na huko. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali. Hata kama hatapona, atapewa dawa za kumtuliza na kumpunguzia maumivu. Na wanaomuuguza wajikinge na mate yake.

TUTAMJUAJE MNYAMA MWENYE KICHAA?

Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa wa aina moja tu, yaani yule mkali. Huyo hukimbia ovyo, huuma watu, mbuzi, hata miti na mawe. Hutokwa mate mengi. Sauti yake hubadilika. Humuuma hata bwana wake aliyemlisha miaka yote.

Lakini kuna aina ya pili, na hii inadanganya watu. Ni kichaa cha kimya. Mbwa huyu hana ukali. Anajificha gizani, chini ya kitanda au katikati ya migomba. Taya lake la chini linaning'inia. Mate yanamtoka, hawezi kumeza chakula wala maji. Miguu ya nyuma inalegea. Mwenye mbwa anamhurumia, anasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa." Halafu anaingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa. Hatari kubwa! Usiingize mkono kamwe katika mdomo wa mbwa wa namna hii. Mfungie mahali salama, umwite afisa mifugo.

Ng'ombe naye hudanganya watu hivyo hivyo. Ng'ombe mwenye kichaa hulia mfululizo kwa sauti ya ajabu, hutokwa mate, hushindwa kumeza, mwishowe huanguka. Mchungaji hudhani amekwamwa na ndizi au kiazi kooni. Usimpanue mdomo kwa mikono mitupu. Usimchinje ili kuokoa nyama, wala usinywe maziwa yake.

Paka mwenye kichaa mara nyingi huwa mkali sana. Hurukia watu, huuma na kuparuza bila sababu. Kwa kuwa paka ni mdogo, watu hudharau mikwaruzo yake. Usidharau.

Ishara moja ya kukumbuka kwa wanyama wote ni kubadilika tabia. Mpole akiwa mkali ghafla, shuku. Mkali akiwa mpole ghafla, shuku. Mnyama wa porini akiingia kijijini mchana bila woga, shuku vilevile.

UKIUMWA, FANYA MAMBO HAYA

Jambo la kwanza: OSHA KIDONDA PAPO HAPO. Osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, yaani robo saa. Sabuni ya kufulia inafaa. Mtu mmoja amwage maji kwa kopo, mwingine aoshe. Tazama saa au simu, maana robo saa ni ndefu kuliko unavyodhani. Tunajua vijiji vyetu vingi viko juu ya vilima na chemchemi iko bondeni. Maji ni ya jasho. Lakini siku hiyo usiyaonee uchungu. Kama ndoo zako ni tupu, piga hodi kwa jirani. Sabuni huharibu virusi, na maji huvitoa kabla havijaingia katika mishipa ya fahamu. Dawa hii iko katika kila nyumba.

Baada ya kuosha, kama una spiriti au ayodini, paka. Kama huna, usipake kitu kingine. Usiweke majivu, mafuta ya taa, unga wa kahawa, pilipili wala majani ya kusaga. Jiwe jeusi ambalo watu huweka juu ya jeraha la nyoka halitoi virusi vya kichaa. Wala usikifunge kidonda kwa kukibana.

Jambo la pili: NENDA HOSPITALI SIKU HIYO HIYO. Usingoje kuona kama kidonda kitavimba. Usingoje mbwa afe. Usingoje siku ya soko upate gari. Huko utapewa chanjo. Chanjo hufundisha mwili kupigana na virusi kabla havijafika kwenye ubongo. Ni kama mbio za watu wawili, chanjo na virusi, na anayetangulia kuondoka ana nafasi kubwa ya kushinda. Kama kidonda ni kikubwa, au damu imetoka, daktari anaweza pia kukuchoma dawa nyingine ya kinga kuzunguka kidonda chenyewe, ikiwapo.

Zahanati nyingi za vijijini hazina chanjo hii. Kwa hiyo, wakati mmoja anaosha kidonda, mwingine apige simu kwa mhudumu wa afya aulize ni wapi chanjo ipo leo. Ulizieni katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Bukoba. Walioko Muleba waulizie pia Rubya, Ndolage au Kagondo, ile iliyo karibu. Simu moja inaweza kukuokolea nauli ya safari mbili.

Nauli na gharama ya chanjo ni mzigo kwa familia. Jambo hilo tunalijua. Watu wengine hurudi nyumbani kutafuta fedha, halafu wiki inapita. Hapa ndipo vikundi vyetu vinapotakiwa. Kama mna chama cha kufa na kuzikana, jadilianeni kukopesha mwanachama aliyeumwa na mbwa siku hiyo hiyo. Ni afadhali kumchangia mtu nauli ya kwenda hospitali kuliko kumchangia sanda.

Jambo la tatu: MALIZA SINDANO ZOTE. Sindano moja haitoshi. Utapewa kadi yenye tarehe. Siku ya sindano ya kwanza huitwa siku ya 0. Baadaye kuna siku ya 3 na siku ya 7. Tuseme umeanza Jumatatu. Siku ya 3 itakuwa Alhamisi, na siku ya 7 itakuwa Jumatatu inayofuata. Utaratibu mwingine una sindano zaidi, siku ya 14 au ya 28. Wewe fuata kadi yako. Unajua kusoma, basi isome mwenyewe na umsomee mgonjwa wako.

Wapo wanaoogopa kwa sababu wamesikia habari za zamani za sindano nyingi za tumboni. Siku hizi sindano huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo huchomwa pajani. Mama mjamzito anachanjwa. Mama anayenyonyesha anachanjwa. Mtoto mchanga anachanjwa. Kichaa cha mbwa ni hatari kuliko sindano yoyote.

Jambo la nne: MWANGALIE ALIYEKUUMA. Kama mbwa au paka huyo anaweza kufungiwa bila kumuumiza mtu, msimuue. Mfungieni siku 10, apewe chakula na maji kwa uangalifu. Mnyama ambaye mate yake yana virusi huugua na kufa kabla ya siku hizo kwisha. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, ujue kwamba hakukuambukiza siku ile alipokuuma. Lakini sindano zako anza bila kungoja siku 10. Daktari ndiye atakayesema kama inafaa kuziacha.

Kama mnyama anashambulia watu na haiwezekani kumfungia, wanaweza kumuua. Msimguse kwa mikono mitupu, wala msimponde kichwa, kwa sababu maabara hupima ubongo. Mwiteni afisa mifugo kabla ya kuzika. Asipoweza kufika, mfukieni katika shimo refu ili mbwa wengine wasimfukue. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Bukoba Vijijini, tuliona faida ya kutoa taarifa mapema. Kwa kichaa cha mbwa faida ni ile ile.

NYUMBA MBILI

Tuchukue mfano wa nyumba mbili katika kitongoji kimoja. Mbwa asiyejulikana amepita asubuhi na kuuma watoto wawili waliokwenda kuteka maji.

Katika nyumba ya kwanza mama anatazama mguu wa mtoto. Anasema, "Ni meno mawili tu, mbwa huyu ni wa kupita." Anaweka majivu. Baada ya siku kumi kidonda kimefunga. Mtoto anarudi shuleni, na watu wanasahau. Mwezi wa pili mtoto anasema mguu unawasha. Siku ya tatu anakataa maji. Sasa baba anauza ng'ombe, anakodi gari, anakwenda mpaka hospitali ya mkoa. Daktari anainamisha kichwa.

Katika nyumba ya pili bibi anaosha kidonda kwa sabuni robo saa nzima, mtoto analia na bibi haachi. Baba anakopa nauli kwenye chama. Jioni hiyo mtoto anapata sindano ya kwanza. Anamaliza zote. Mwaka unaofuata yuko darasani.

Watoto hawa waliumwa na mbwa mmoja, asubuhi moja. Kilichowatenga ni sabuni, sindano, na siku walizopewa.

CHANJO YA MBWA NA PAKA

Mpaka hapa tumesema habari za mtu aliyekwisha kuumwa. Lakini afadhali zaidi mbwa wasiwe na ugonjwa kabisa. Mbwa na paka wana chanjo yao. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kumwuliza inatolewa lini na wapi. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi kampeni za chanjo hufanyika karibu na siku hiyo. Tarehe hiyo ni kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1895. Yeye ndiye mwaka 1885 alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa. Mtoto alichomwa sindano 13, akaishi mpaka utu uzima.

Je, ni lazima kuchanja mbwa wote? Ni vizuri, lakini si rahisi. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 katika kila mbwa 10, na kurudia kila mwaka, ugonjwa hukosa njia. Virusi vikitoka kwa mbwa mmoja vinakutana na mbwa aliyechanjwa, na hapo vinaishia. Tufanye hesabu. Kitongoji kina mbwa 40. Gawanya kwa 10, unapata 4. Zidisha kwa 7, unapata 28. Basi kitongoji hicho kichanje mbwa 28 au zaidi.

Kwa nini kurudia kila mwaka? Kwa sababu mbwa wetu hawaishi muda mrefu. Mwaka ukipita, baadhi ya waliochanjwa wamekufa, na watoto wengi wa mbwa wamezaliwa bila kinga. Ndiyo maana watoto wa mbwa nao wapelekwe siku ya chanjo. Usiseme "bado wadogo." Hao ndio watoto wetu wanawabeba mikononi.

Jambo hili limekwisha jaribiwa hapa nchini. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Mara, mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walianza kuchanjwa kwa kampeni kuanzia mwaka 1996. Kichaa kilipungua sana kwa mbwa, na watu walioumwa na kuhitaji sindano wakapungua pia.

Mfano mwingine uko Pemba, kisiwa kilichoko Bahari ya Hindi. Huko kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani. Halafu chanjo ikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, umeletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena mbwa kisiwa kizima, na mwaka 2018 ukaondoka mara ya pili. Mafunzo ni mawili. Kwanza, kichaa cha mbwa kinaweza kumalizwa. Pili, ukilegea kinarudi.

Ndugu wavuvi wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, mfano huo ni wenu. Maji hayazuii ugonjwa ikiwa mbwa anapanda mtumbwi pamoja na bwana wake. Kabla ya kuhama kambi na mbwa wako, mchanje.

WATU HUULIZA

Kwa nini tusiue mbwa wote wanaozurura? Kuua mbwa peke yake hakumalizi ugonjwa. Ukiua mbwa wa kitongoji, watu huleta watoto wa mbwa kutoka mahali pengine, nao hawana kinga. Tena katika kuua, mara nyingi wanakufa na wale waliochanjwa. Afadhali mbwa 10 waliochanjwa kuliko mbwa 3 wasiochanjwa.

Mbwa wangu hatoki nyumbani. Ana haja gani ya chanjo? Mbweha au mbwa mgeni anaweza kuingia kibanjani usiku. Mlinzi ndiye wa kwanza kupigana naye, na ndiye wa kwanza kuumwa.

Mbwa aliyeniuma amechanjwa. Nikae nyumbani? Hapana. Osha kidonda, chukua cheti cha chanjo cha mbwa huyo, nenda nacho hospitali. Daktari ataamua.

Niliumwa mwezi uliopita, sikwenda hospitali. Nimechelewa? Kama hujaanza kuugua, hujachelewa. Nenda leo.

SIKU YA CHANJO

Mbwa apelekwe na mtu mzima mwenye nguvu za kumshika, asitumwe mtoto. Mfunge kamba shingoni tangu jana yake ili aizoee. Paka mweke katika tenga au kapu lenye mfuniko. Ukipewa cheti, kiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Baada ya hapo mlishe mbwa wako nyumbani asiende kutafuta mifupa machinjioni na jalalani, maana huko ndiko mbwa wanakokutana na kuumana.

Kikundi chenu cha kujisomea kinaweza kufanya kazi moja wiki hii. Gawaneni nyumba za kitongoji. Kila msomaji ahesabu mbwa na paka wa nyumba kumi, aandike katika daftari nani amechanjwa na nani bado. Pelekeni daftari hilo kwa mwenyekiti na afisa mifugo. Ofisa akijua kuna mbwa wangapi, anajua aombe chanjo ngapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu aliyeumwa na mbwa asifurahie tu kwamba kidonda kimepona?

2. Mbwa wa jirani ametaya taya, anatokwa mate na hawezi kumeza. Utamwambia nini jirani yako?

3. Mgonjwa amepata sindano ya kwanza siku ya Jumatano. Siku ya 3 ni lini? Siku ya 7 ni lini?

4. Kijiji kina mbwa 120. Ni mbwa wangapi angalau wachanjwe?

5. Kutoka kijijini kwenu, chanjo ya mtu iliyo karibu inapatikana wapi, na nauli ni kiasi gani? Nani atatoa fedha hizo usiku wa manane? Msiondoke kikundini kabla ya kupata jibu la swali hili.